Mwanyumba na Jua Lake

Jumatatu, 2 Juni

Nimeanza kuandika. Daftari hili ni la kusomea mita, kurasa mia mbili, safi kabisa. Ofisini wamesema hatutayahitaji tena. Nimechukua matatu. Si wizi. Ni uokoaji.

Sababu yenyewe: mita sasa zinajisoma! Leo asubuhi mama injinia alitukusanya uani, wasoma mita kumi na mmoja, akatuonyesha kisanduku cheupe kisichozidi kopo la maziwa. Kinakaa ukutani, kinahesabu, kinapeleka hesabu ofisini chenyewe. Hakihitaji mtu wa kugonga geti. Mimi nimegonga mageti miaka kumi na tisa. Nimeng'atwa na mbwa watatu na bata bukini mmoja. Hicho kisanduku kimeng'atwa na nani?

Akaendelea. Umeme wa zamani, alisema, ni kama mfereji: unatoka juu, unashuka, na ukiziba mahali wote walio chini wanakauka. Mfumo mpya utakuwa kama soko. Mwenye paa atauza jua lake, mwenye soketi atanunua, na linalobaki litahifadhiwa kwenye betri kubwa ndani ya kontena, kando ya zahanati. Mtaa wetu ndio wa majaribio. Atahitajika msimamizi wa mtaa, mtu anayeaminiwa na majirani. Nikanyoosha mkono. Akasema bado hajaomba mikono.

Kisha akamwita mkufunzi wetu atoke ofisini.

Mwanyumba!

Mume wa mdogo wake mke wangu! Mtu ambaye kwenye harusi yangu alikuja kupanga viti, wakati huo hata shemeji yangu bado hamjui. Leo amevaa shati lenye picha ya jua mfukoni, kaning'iniza kitambulisho shingoni. Aliponiona akaja mbio, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema shikamoo kaka. Mbele ya watu wote! Ili waone ana adabu. Ujanja wa namna hii sijapata kuuona.

Wenzangu wakasema, kumbe ndugu yako, una bahati.

Mimi si mtu wa kijicho. Naandika tu kwa kumbukumbu.

Jumanne, 3 Juni

Mwanyumba amebandika ramani ya mtaa ukutani. Nyumba za awamu ya kwanza amezipaka kijani. Hizo ndizo zitaungwa na betri wiki hii, na umeme wake hautakatika tena. Zilizobaki ni nyeupe, zinasubiri awamu ya pili. Na kuanzia Jumatatu, nyumba nyeupe zitakatiwa umeme kila siku, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, majuma mawili, nguzo zikibadilishwa.

Nikaitafuta nyumba yangu. Nyeupe.

Nikaitafuta yake. Kijani, bila shaka.

Mpaka wa kijani na nyeupe unapita wapi? Katikati ya ukuta wangu! Nyumba yangu na ya fundi cherehani zilikuwa nyumba moja zamani, mwenye nyumba akaigawa. Yeye kijani, mimi nyeupe. Tunatenganishwa na tofali moja. Nikamuuliza mwanyumba nani amechora mstari ule. Akasema umefuata nguzo, kaka, yangekuwa mapenzi yangu ningeanzia kwako. Anajibu haraka mno. Mtu mkweli hufikiri kwanza.

Isitoshe, nimehamishiwa dawati la malalamiko. Kiti hakina mgongo.

Jioni mke wangu akaleta habari. Mama mkwe anakuja mjini kutibiwa, miezi mitatu. Ana sukari. Sindano zake zinataka ubaridi wa friji mchana na usiku, zikipata joto zimekufa. Amesema angependa kuanzia kwa binti yake mkubwa, yaani kwetu, lakini kama kwetu umeme unakatika basi atakwenda kwa mdogo.

Hapo nikasimama. Mwanyumba huyu mama mkwe humwita "mwanangu". Mimi, baba wa wajukuu wake wanne, ni "mkwe". Miaka kumi na saba, mkwe! Hata simu akipiga: mkwe, nipe mwanangu niongee naye, akimaanisha mke wangu. Au, mkwe, hujambo, yule mwanangu wa taa umemwona?

Nikamwambia mke wangu ampigie mama yake. Kwetu umeme hautakatika hata dakika moja. Tunafunga sola yetu wenyewe.

Akauliza, tunafunga lini. Nikamwambia, tumeshaanza.

Alhamisi, 5 Juni

Nina paneli mbili!

Nimezipata kwa muuza vyuma chakavu, tumebadilishana na baiskeli yangu ya kazi. Siihitaji tena, mita zinajisoma. Moja ina ufa kidogo pembeni, lakini kwa mbali huuoni. Ameniongezea betri ya gari na bado akanishukuru. Nilipokuwa naondoka alikuwa anacheka peke yake. Furaha ya biashara.

Nimepanda juu ya paa mwenyewe. Mke wangu ameshika ngazi huku akisema maneno. Alitaka nimwite mwanyumba anielekeze. Nikamwambia mtu hafundishwi kuoga akiwa mzee.

Kazi ngumu ilikuwa kuchagua upande. Baada ya kufikiri sana nimezielekeza nyumbani kwa mwanyumba. Kwao ni ng'ambo ya barabara, wako bondeni kidogo, na dirisha la jiko lao linatazama paa langu. Kila asubuhi akinywa chai atazikuta paneli zangu zinamwangalia. Nimezipangusa kwa mafuta ya nazi. Zinametameta!

Ijumaa, 6 Juni

Zinametameta lakini hazitoi kitu. Nimeunga taa moja. Imewaka rangi ya kaa la moto, ikazimika. Nimeunga tena. Haijawaka hata kidogo. Betri imenuka.

Mwanyumba amepita barabarani, akasimama, akatazama juu muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa upole kama ningependa aje tuzigeuze, kwa sababu hapo zilipo hazioni jua, zinaona barabara. Nikamwambia hiyo ni mbinu mpya, zinakula mwanga wa pembeni. Akasema, sawa kaka, ukinihitaji nipo.

Nilijua tu. Zimemchoma.

Jumamosi, 7 Juni

Mama mkwe anafika kesho. Nimekaa sebuleni tangu asubuhi nikiutazama ukuta wa fundi cherehani.

Upande wangu, nyuma ya kabati, kuna tundu la zamani, la bomba lililong'olewa. Ninalijua kwa sababu ninajua kila tundu la mtaa huu. Saa sita nikaenda kwa fundi cherehani na ndizi mbivu. Ni mjane, mkali wa hesabu, anakata kitambaa asibakize hata kiraka. Nikamwomba anipitishie kebo moja tu, siku chache, nichaji simu wakati umeme umekatika. Akasema simu si kitu, jirani, pitisha.

Nikapitisha. Nikaunga simu.

Halafu nikachomoa simu nikaunga friji.

Friji ikanguruma! Sijapata kusikia sauti tamu kama ile. Nikairudisha kabati mahali pake. Kutoka kwenye paneli nimeteremsha waya mwekundu mnene, umepita dirishani hadi nyuma ya friji, na hapo nimeubandika kwa utepe wa gundi. Haujaungwa na chochote. Lakini ni mwekundu.

Mke wangu alipouliza nimefaulu vipi, nikamwambia ilikuwa skrubu. Akanitazama. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamuuliza anamsema nani. Akasema anasema methali tu.

Jumapili, 8 Juni

Siku kuu ya maisha yangu!

Mama mkwe amefika na mabegi mawili na kikapu chenye dawa ndani ya chupa ya barafu. Wote walikuwepo: shemeji yangu, mwanyumba, watoto. Nikampokea kikapu mwenyewe. Nikampeleka jikoni taratibu, nikafungua friji, nikasimama pembeni kama mlinzi wa benki. Akaingiza mkono. Akasema, baridi kweli. Akauliza, na hili lote ni jua? Nikamwonyesha waya mwekundu.

Akamgeukia mwanyumba, akasema, mwanangu, kumbe na mkwe anaweza!

Kumbe. Na. Hata hivyo nimelichukua.

Mwanyumba alikuwa anautazama ule waya. Akaufuata kwa macho kutoka dirishani hadi kwenye gundi. Nikamkaribisha chai haraka, sebuleni, mbali. Akasema amefurahi sana kwa ajili ya mama. Alisema hivyo bila hata kukunja uso. Ni mtu wa hatari.

Mama mkwe amekaa na mabegi yake chumba cha watoto. Mwanyumba amerudi kwake mikono mitupu. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikabaki nimesimama pale nikimwangalia anavyoshuka. Ametembea taratibu. Roho yangu nyeupe pee.

Jumanne, 10 Juni

Malalamiko tisa leo. Sita kuhusu kukatika umeme. Mawili kuhusu mbwa. Na la tisa.

Saa nne na nusu akaingia fundi cherehani. Nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza. Akangoja. Kalamu haitafutwi siku nzima, nikalazimika kutoka.

Akafungua karatasi. Tangu wamfungie mita mpya ameandika namba zake kila baada ya saa, kwa mkono, kwa rula. Cherehani yake anaijua inakula nini, taa anazijua, pasi anaijua. Kuna kitu kingine. Kinaanza, kinanyamaza, kinaanza tena, mchana na usiku, hata akizima kila kitu. Akaniuliza, mimi msoma mita wa miaka mingi, hicho ni kitu gani.

Kila mtu anajua ni kitu gani kinachoanza na kunyamaza, mchana na usiku. Ni friji.

Nikamwambia ni mzimu wa mitambo. Akaniambia yeye na mizimu hawajuani. Nikafikiri upesi, na hapo, namshukuru Mungu kwa akili aliyonipa, nikaona mlango. Nani amefunga hizi mita? Nani amefundisha, amechora ramani, amevaa shati la jua? Nikachukua fomu nyekundu, ile ya dharura. Nikaandika: MITA MPYA NI MBOVU. INAHESABU UMEME AMBAO HAUPO. WANANCHI WANAPUNJWA. Nikaongeza mstari chini ya "wananchi".

Fundi cherehani akasaini. Nikamsindikiza hadi mlangoni.

Jumatano, 11 Juni

Mambo yamepamba moto! Mama injinia amesimamisha ufungaji wa mita mtaa mzima mpaka hii moja ichunguzwe. Mwanyumba ameitwa ofisini, mlango ukafungwa. Nilipita mbele ya mlango ule mara tano na faili. Mara ya sita nikamsikia akisema, kama kosa ni langu nitalibeba, lakini naomba nikaione mita kwanza.

Alipotoka alikuwa amepauka. Akapita dawatini kwangu, akanishukuru kwa kuandika malalamiko ya jirani bila upendeleo ingawa sisi ni ndugu. Akasema ofisi zingekuwa na watu kama mimi nchi ingefika mbali.

Chakula cha mchana hakikupita. Labda wali ulikuwa mbichi.

Nyumbani mama mkwe alikuwa anapiga pasi. Mwanyumba alimwambia kwamba siku zijazo watu watafua na kupiga pasi saa sita, jua likiwa jingi, badala ya wote kuvamia umeme jioni. Sasa anazipanga nguo zote zisubiri saa sita. Amepiga pasi hata soksi zangu. Kwa kebo ile ile! Nikamwambia, mama, pumzika. Akasema, jua halina mwenyewe, mkwe, acha tulitumie.

Kwa upande wa pili wa ukuta nilisikia rula ikigonga meza.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika nikiwa chooni. Ndiyo sehemu pekee yenye komeo.

Uchunguzi ulifanyika saa tano asubuhi, hadharani. Mama injinia, mwanyumba, fundi cherehani, majirani kama thelathini, na mimi nikiwakilisha malalamiko. Nilivaa koti.

Mwanyumba akazima taa za fundi cherehani. Akachomoa cherehani, pasi, redio. Akasema, sasa nyumba imelala, mita inapaswa ilale. Haikulala. Namba zikabadilika. Watu wakaguna. Nikasema kwa sauti, si niliandika mimi! Mama injinia akaandika kitu.

Mwanyumba akafungua ile mita yenyewe, akaipima kwa mita nyingine. Zote mbili zikasema kitu kimoja. Akasema mita ni nzima, umeme unaenda mahali. Akapiga magoti. Akaanza kufuata waya ukutani kwa kidole, soketi moja hadi nyingine, polepole kama mtu anayesoma barua. Akafika nyuma ya mtungi. Akaona kebo. Akaona tundu.

Fundi cherehani akasema, aah, hiyo ni ya jirani, ya kuchajia simu.

Mama injinia akauliza, simu ya ukubwa gani?

Nikasema nina dharura nyumbani. Nyumbani ni hatua nane. Wakanifuata wote.

Mwanyumba ndiye aliyetangulia kuingia. Alisogeza kabati peke yake, mwili wake ukaziba mlango, mimi nyuma yake. Tukaiona kebo ikitambaa hadi jikoni. Akafungua friji. Ndani kulikuwa na maziwa, mchicha, na kikapu cha mama mkwe. Akautazama ule utepe wangu wa gundi. Akanitazama mimi. Nikasubiri. Nilijua ningekuwa mimi ningefanya nini: ningepanda juu ya kiti nikatangaza.

Akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia friji ni ya baridi ya kawaida tu, haili umeme mwingi.

Akageuka mlangoni. Akawaambia watu kwamba nyumba hizi mbili zilikuwa moja, nyaya zake hazikutenganishwa vizuri, na kwamba kosa ni lake yeye kwa kutokagua ukuta kabla ya kufunga mita. Atazitenganisha leo hii, na umeme wote uliovuja atamrudishia fundi cherehani kutoka paneli za nyumbani kwake. Majirani wakasema, huyo ndiye fundi! Mtu wa kukiri kosa! Wakapiga makofi.

Mama injinia hakupiga. Alikuwa anaitazama kebo, kisha koti langu.

Mwanyumba akakata kebo. Friji ikanyamaza. Akachukua kikapu cha dawa, akakitia barafu, akakipeleka kwake. Na mama mkwe, ambaye alikuwa amesimama kwenye korido na pasi mkononi muda wote ule, akaiweka chini. Akafunga mabegi. Dawa imehama, na yeye ameifuata.

Hata kusamehe amenishinda! Mbele ya watu thelathini!

Ijumaa, 13 Juni

Nyumba kimya. Umeme hakuna tangu saa mbili. Watoto wameuliza bibi atarudi lini, nikawaambia waulize mama yao. Mama yao akawaambia waniulize mimi.

Mchana mke wangu alikaa karibu yangu. Hakugomba, na hilo ndilo lilinitisha. Akasema mama yake hakuja kwetu kwa sababu ya friji. Alisema tangu mwanzo anataka kuanzia kwa mkubwa. Ningesema ukweli tungehifadhi dawa ng'ambo, hatua hamsini, na mama angelala kwetu. "Ungemtuma mtu achukue sindano asubuhi. Basi. Ulikuwa unashindana na nani?"

Nikasema sishindani.

Akasema, "Zile sindano zingeharibika, ungemwambia nini mama yangu?"

Nililifikiria hilo vizuri. Nililifikiria hadi saa kumi. Ni mwanamke mzee, huhesabu sindano zake kama mtu anayehesabu watoto njiani. Nilienda ng'ambo nikamwomba radhi. Alikuwa anamenya viazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimshikie bakuli. Nikamshikia. Tukamaliza viazi vyote. Ilikuwa saa nzuri, nakiri.

Kisha mwanyumba akaingia kutoka kazini na mama mkwe akasema, karibu mwanangu, umechoka? Na viazi nimemenya mimi!

Jumamosi, 14 Juni

Mwanyumba ametumia siku yake ya mapumziko juu ya paa langu. Hakualikwa na mimi. Alialikwa na mke wangu.

Alizigeuza paneli. Ndiyo kazi yote. Alizigeuza zikatazama jua. Ile yenye ufa akaibadilisha na moja yake ya akiba, betri ya gari akaitupa, akaweka ndogo iliyotoka kwenye mafunzo. Saa saba friji ikanguruma. Watoto wakashangilia. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi, na hakuna anayemshangilia mshika ngazi.

Mama mkwe akaja kuangalia. Alikuwa uani, mimi nipo chini, mwanyumba yuko juu. Nikasikia akiita, "Mwanangu!" Nikaitika, naam mama! Akasema, si wewe, wa juu. Nikajifanya nilikuwa nakohoa.

Hata hivyo kikapu kimerudi kwenye friji yangu, na mabegi yamerudi chumba cha watoto. Kabla ya kuingiza dawa alivuta ule waya mwekundu kuona kama umeungwa. Umeungwa.

Jumatatu, 16 Juni

Msimamizi wa mtaa ametangazwa. Ni fundi cherehani!

Mama injinia alisema katika miaka yake yote hajapata kuona mteja aliyegundua upotevu kwa rula na penseli. Alisema mitambo ni mitambo, lakini umeme wa kesho utalindwa na watu wanaosoma namba zao. Fundi cherehani amepewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Tayari ameishonea kamba yake lesi.

Sasa nina watu wawili wa kuwatazama, si mmoja.

Mimi niliitwa peke yangu. Nilikwenda nimejiandaa kufukuzwa. Nilikuwa na hotuba. Mama injinia akasema anajua kebo ile haikuvutwa na mwenye nyumba, na kwamba ningekuwa nimeshaondoka kama si mtu mmoja aliyeniombea. Mtu huyo amesema hakuna anayejua mtaa huu kama mimi: nguzo ipi imeoza, ukuta upi unaficha waya, nyumba ipi ina mita mbili. Ramani mpya haiwezi kuchorwa bila mimi. Kuanzia kesho nitatembea na wachoraji, nyumba kwa nyumba, nikiwaonyesha.

Kazi nzuri. Ninaijua. Kwa dakika kama mbili nilikaa pale nikijiona mtu, nikikumbuka mageti yote, na tundu la bomba la kila jiko.

Kisha nikauliza aliyeniombea ni nani.

Ameniombea kazi! Mwanyumba! Mimi!

Alhamisi, 19 Juni

Nimetembea siku tatu na wachoraji, nimewaonyesha nyaya ishirini na sita zisizojulikana. Wanaandika kila ninachosema. Mtaa mzima utakuwa wa kijani kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Mama mkwe anaendelea vizuri. Mke wangu amecheka mara mbili mezani.

Nimekaa nikatafakari yote yaliyonipata, kama mtu mzima anavyopaswa. Nimeona kosa langu liko wapi. Nimelipata, naliandika hapa ili nisilisahau.

Kosa langu ni kwamba nilitaka kumshinda mwanyumba kwa jua. Jua si uwanja wangu. Yeye hakunishinda kwa jua hata kidogo. Alinishinda siku ile aliyosimama mlangoni akabeba kosa la mwenzake. Tangu siku hiyo mtaa unamwita muungwana. Watu wanampisha njiani. Kwa nini? Kwa sababu ana mtu wa kumsamehe! Na mimi? Sina. Mwanyumba huyu hajanikosea hata siku moja. Uchoyo wa ajabu.

Basi ni lazima akosee.

Kesho saa mbili anakuja kukagua betri na paneli. Mke wangu ana kioo kirefu cha chumbani, kile chenye fremu ya shaba alichopewa na dada yake. Nimekitoa nje. Nimekiegemeza ukutani, pale ambapo mguu wa ngazi ni lazima upite, nikakifunika shuka ili kisimwakie machoni akakiona mapema. Fundi cherehani nimemwalika aje saa mbili na dakika kumi kukagua namba. Majirani wanne nimewaambia kuna chai. Mlango utakuwa wazi.

Nimefanya mazoezi bafuni. "Ndugu yangu, kioo ni kitu tu. Inuka. Nimekusamehe." Kwanza nililisema kwa upole, halafu kwa uchungu kidogo, halafu kwa upole tena lakini kwa sauti kubwa zaidi.

Mke wangu akagonga mlango, akauliza ninamsamehe nani.

Nikamwambia anakuja kesho, bado hajakosea.